Mboga Zetu na Madini Mazito

Somo la Kumi na Mbili



Kabla hujaanza kusoma somo hili, fanyeni jambo moja darasani. Leteni mafungu mawili ya mchicha. Fungu la kwanza liwe la mchicha uliokuzwa kwa samadi. Fungu la pili liwe la mchicha uliokuzwa kwa mbolea ya chumvichumvi. Yawekeni juu ya meza au juu ya mkeka. Msiseme lipi limetoka kwa nani. Yatazameni, yanuseni, yashikeni. Kisha kila mmoja aseme: Fungu lipi ni salama zaidi kumpikia mtoto?

Nimeuliza swali hili katika madarasa mengi. Karibu kila mahali nimejibiwa, "La samadi, mwalimu. Samadi haina sumu." Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo. Nililitoa jibu hilo mbele ya watu, nikawafundisha, nao wakanifuata. Somo hili limetokana na jibu lile.

Bustani ya akina mama

Mwaka 2019 nilihamishiwa kata moja iliyo pembeni ya mji mdogo, kando ya ziwa. Hapo nilikuta darasa la akina mama kumi na wanne. Walikuwa na bustani ya robo eka. Walilima mchicha, matembele, sukuma wiki na nyanya. Mbolea ya dukani ilikuwa ghali. Fedha waliyopata kwa mboga iliishia katika mbolea.

Mimi nikawaambia, "Acheni mbolea ya dukani. Nendeni dampo la mji. Pale chini kuna mboji nyeusi, laini, ya bure. Mboga zenu zitakuwa za asili, na watu watazipenda."

Wakaenda na mikokoteni. Wakaleta mboji. Mchicha ulistawi ajabu, majani mapana kama kiganja. Walimu walinunua. Wauguzi walinunua. Mama lishe wa stendi walinunua. Bei ilipanda, maana watu waliambiwa kwamba mboga hizi hazina kemikali. Nilifurahi sana, nikaandika taarifa nzuri kwa wakubwa wangu.

Siku moja Bibi Shamba wa kata alipita. Hakutazama mchicha. Aliinama akachota mboji kwa mikono miwili, akaipepeta kwenye ungo. Katika ungo zikabaki: betri mbili za tochi zilizopasuka, kipande cha bati chenye rangi iliyobanduka, vipande vya taa, na waya. Akauliza, "Hii mmeitoa wapi?" Kisha akauliza, "Na mfereji huu wa kumwagilia unatoka wapi?"

Mfereji ulitoka mjini. Juu kidogo, chini ya mwembe, alikuwapo fundi wa betri za magari. Yeye hufungua betri zilizokufa. Maji yake makali humwaga chini. Risasi iliyomo huiyeyusha kwenye karai na kutengeneza chubwi za nyavu, maana wavuvi ndio wateja wake. Ni kijana mwema, mwenye bidii, na watoto wake hucheza pale pale.

Sasa tuache bustani hii kidogo. Tutairudia. Kwanza tujifunze hicho alichokiogopa Bibi Shamba.

Madini mazito ni nini?

Katika udongo kuna madini ya aina nyingi. Mengine tunayahitaji. Chuma hutusaidia kuwa na damu. Zinki na shaba pia huhitajiwa na mwili, lakini kwa kiasi kidogo sana. Yapo mengine ambayo mwili hauna kazi nayo hata kidogo. Hayo ni kama risasi, kadimi, zebaki na aseniki. Wataalamu huyaita madini mazito. Wengine huyaita madini tembo.

Risasi unaijua. Ndiyo iliyomo katika betri ya gari. Ndiyo inayofanya chubwi kuwa nzito. Ilikuwa pia katika rangi nyingi za kupaka nyumba, na zamani ilitiwa katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kutumia petroli ya namna hiyo kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Lakini risasi iliyotoka katika mabomba ya magari kwa miaka yote ile haikwenda mbinguni. Ilianguka kando ya barabara, na mpaka leo imo katika udongo wa kando ya barabara kuu za zamani.

Kadimi huijui kwa jina, lakini huenda umeishika. Imo katika baadhi ya betri za kuchaji, na katika baadhi ya rangi za njano na nyekundu. Huchimbwa pamoja na zinki.

Zebaki ndiyo ile wachimbaji wadogo wanayoitumia kukamatia dhahabu. Kuhusu zebaki tutasoma somo lake peke yake.

Sasa shika jambo hili, maana watu wengi hukosea hapa. Madini hayaozi. Ganda la ndizi huoza. Mzoga huoza. Hata dawa nyingi za kuua wadudu huvunjika polepole kwa jua, maji na vijidudu vya udongo. Risasi haivunjiki. Ukiifukia, itakuwapo wajukuu wako watakapolima. Ukiichoma, itapanda na moshi na kubaki katika majivu. Ukiipika pamoja na mchicha kwa saa nzima, itabaki kuwa risasi. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini madini si vijidudu.

Yakiingia mwilini hufanya nini?

Risasi huwadhuru watoto zaidi kuliko watu wazima. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mwili wa mtu mzima ungefyonza. Risasi huingia katika ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, msahaulifu, msumbufu. Hupungukiwa damu. Ikizidi sana hushikwa na degedege na huweza kufa. Shirika hilo linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Iliyobaki hujificha katika mifupa. Huko hukaa miaka mingi. Mama anapopata mimba, mifupa yake hutoa chokaa kumjenga mtoto, na risasi ya zamani hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo risasi aliyokula msichana yaweza kumfikia mtoto ambaye hajazaliwa.

Inasikitisha kwamba ugonjwa huu hauna alama yake yenyewe. Mtoto mzito darasani tunamwita mvivu. Mtoto asiye na damu tunasema ni malaria, na mara nyingi ni malaria kweli. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachoonyesha risasi.

Kadimi yenyewe hukaa katika figo. Ikiingia huko huchukua miaka kumi hadi thelathini kupungua nusu. Kila siku kidogo, kila siku kidogo. Ili uelewe kadimi inaweza kufanya nini kupitia chakula cha shambani, soma habari hii ya Japani.

Wakulima wa mto Jinzu

Katika mkoa wa Toyama nchini Japani kuna mto uitwao Jinzu. Wakulima wa bonde lake walilima mpunga kwa maji ya mto huo, kama walivyolima babu zao. Juu milimani kulikuwa na mgodi wa Kamioka uliochimba zinki na risasi. Mabaki ya mgodi yaliingia mtoni. Katika mabaki hayo kulikuwa na kadimi.

Maji yakaingia majarubani. Kadimi ikatua katika udongo. Mpunga ukaifyonza. Watu wakala wali.

Hawakuanguka siku ile. Miaka ilipita. Kisha wanawake, hasa waliokwisha kuzaa mara kadhaa na kufikia umri wa makamo, walianza kuumwa mgongo na nyonga. Walitembea kwa kuyumba kama bata. Mifupa yao ililegea hata ikavunjika kwa jambo dogo, wengine kwa kukohoa tu. Walilia, "Itai, itai!" Maana yake kwa Kijapani ni "Inauma, inauma!" Ugonjwa ukapewa jina hilo hilo la kilio.

Daktari mmoja wa huko huko bondeni, Hagino Noboru, ndiye aliyeshikilia kwamba ugonjwa unatokana na mgodi. Wapo waliombishia. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikubali kwamba ugonjwa huo umetokana na kadimi ya mgodi. Mwaka huo huo wagonjwa na jamaa zao walikwenda mahakamani. Walishinda mwaka 1971, na rufaa ikaamuliwa kwa upande wao mwaka 1972. Kisha kazi ya kutengeneza majaruba ilianza: kuufukia udongo mbaya na kuleta udongo mwingine juu yake. Ilianza mwaka 1979 na kumalizika mwaka 2012.

Hesabu miaka hiyo mwenyewe. Kisha jiulize: Wakulima wale walitia nini katika mashamba yao? Walitia maji tu. Sumu haikutoka katika mfuko wa mbolea, na hata kama wangetumia samadi peke yake isingewaokoa.

Madini huingiaje katika mboga?

Huingia kwa njia ya maji, vumbi, udongo na mbolea.

Maji tumekwisha kuyaona. Hapa kwetu Tanzania, watu wa Dar es Salaam wamelima mboga kwa miaka mingi kandokando ya mto Msimbazi na vijito vyake. Mto huo hupokea maji machafu ya nyumba, gereji na viwanda. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za kandokando ya Msimbazi na Sinza, wakatoa taarifa yao mwaka 1999, na madini mazito yalikuwamo. Wakulima wale hawakuwa wabaya. Maji yalikuwa karibu na soko lilikuwa karibu.

Vumbi ni njia kubwa ya risasi hasa. Risasi haipendi kupanda kutoka mzizini hadi kwenye jani. Hushikamana na udongo. Lakini vumbi lenye risasi hutua juu ya majani, na tope hurukia majani ya chini mvua inaponyesha. Watu wa kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, Kenya, waliijua njia hii. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi karibu na nyumba zao tangu 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake vilileta risasi katika makazi yao, na watoto wakapimwa wakakutwa na risasi katika damu. Wanakijiji walishtaki. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa. Anayetaka kujua nguvu ya watu wanaojua kusoma na kuandika barua aijadili habari hii na wenzake.

Kadimi ni tofauti. Hiyo hupanda. Mzizi huifyonza na kuipeleka kwenye jani. Ndiyo maana mchicha, spinachi na saladi huikusanya zaidi kuliko nyanya, maharage au mahindi. Udongo wenye uchachu huiachia kwa urahisi zaidi. Udongo wenye mboji nyingi huishika.

Sasa tufike kwenye mbolea, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Mbolea za chumvichumvi si moja. Yurea haitoki katika mwamba, na kadimi si tatizo lake. Mbolea za fosfeti, kama DAP na TSP, hutengenezwa kwa mawe ya fosfeti yaliyochimbwa ardhini. Baadhi ya mawe hayo yana kadimi nyingi, mengine kidogo, kulingana na mahali yalipochimbwa. Kadimi hiyo hubaki katika mbolea. Mfuko mmoja si kitu. Lakini ukitia kila msimu kwa miaka arobaini, udongo huweka akiba. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mpaka mwaka 2022: kadimi isizidi miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo.

Usifunge kitabu sasa ukamwaga mbolea yako mtoni. Njaa nayo inaua, tena haraka. Nakueleza ili ujue.

Na mbolea za asili? Samadi ya ng'ombe aliyelishwa majani ya mahali safi ni mbolea nzuri. Lakini samadi huleta kile alichokula mnyama. Kuku waliolishwa chakula cha kununua chenye shaba na zinki hutoa hivyo hivyo katika kinyesi. Mboji iliyotengenezwa nyumbani kwa majani na maganda ni nzuri. Mboji ya dampo la mji imechanganyika na kila kitu ambacho mji umekitupa. Tena mkulima wa kilimo hai huruhusiwa kutumia mawe ya fosfeti yaliyosagwa, na kama mawe yale yana kadimi, kadimi itaingia shambani vile vile.

Wazee wa kahawa wanajua mrututu, ile dawa ya buluu. Mrututu ni shaba. Umetumika katika mikahawa kwa miaka mingi kuzuia magonjwa ya ukungu. Katika nchi nyingi dawa za shaba zinakubalika hata katika kilimo hai. Lakini shaba nayo haiozi. Hujikusanya katika udongo wa juu chini ya mikahawa, na ikizidi huua nyungunyungu. Kwa hiyo neno "hai" au "asili" halifukuzi madini.

Basi fungu lipi ni salama?

Wataalamu wamelifanyia kazi swali hili. Mwaka 2014 kundi la wataalamu lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, lilikusanya taarifa 343 za upimaji zilizokwisha kuchapishwa, na kulinganisha mazao ya kilimo hai na mazao ya kilimo cha kawaida. Walikuta kwamba kwa wastani mazao ya kilimo hai yalikuwa na kadimi pungufu kwa asilimia 48. Yaani karibu nusu. Kwa risasi hawakuona tofauti ya namna hiyo.

Jibu hili linapatana na yale tuliyojifunza. Mbolea za fosfeti huleta kadimi, na mboji huishika isipande. Lakini risasi hutoka barabarani, gereji na kwenye rangi, na haimuulizi mkulima anatumia mbolea gani.

Tena "kwa wastani" si sawa na "kila fungu". Wastani wa urefu wa darasa lenu hauwezi kukuambia urefu wa mtu aliyekaa mbele yako. Nyingi kati ya taarifa zile zilitoka nchi za Ulaya. Hawakupima bustani yenu.

Afrika Mashariki tulipata kanuni zetu za kilimo hai mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Alama hiyo ni kitu kizuri. Inaeleza jinsi mkulima alivyolima. Haimaanishi kwamba kila fungu la mchicha limepitishwa maabara.

Kuhusu mpaka wa sumu katika chakula, ipo tume ya kimataifa ya Codex, iliyoundwa na FAO na Shirika la Afya Duniani. Tume hiyo imeweka mpaka kwamba katika kilo moja ya mboga za majani risasi isizidi miligramu 0.3, na kadimi isizidi miligramu 0.2. Miligramu ni ndogo sana. Gramu moja ni miligramu 1,000. Kilo moja ni miligramu 1,000,000. Punje moja ndogo ya sukari haifiki miligramu moja. Kwa jicho, kwa pua wala kwa ulimi hutaigundua. Majani mapana na ya kijani si ushahidi. Mchicha wa akina mama wangu ulikuwa mzuri kuliko wote sokoni.

Tulifanya nini?

Turudi bustanini. Mimi nina cheti cha elimu ya watu wazima, si mkemia. Bibi Shamba ndiye aliyetuongoza. Alisema tusibishane, tupime udongo.

Tuligawa bustani sehemu mbili, ya juu na ya chini ya mfereji. Katika kila sehemu tulichota udongo mahali kumi na tano, kwa kina cha jembe, kama sentimeta 20. Tulitumia ndoo ya plastiki, si ya bati, maana bati lina zinki. Udongo wa kila sehemu tuliuchanganya pamoja, tukatoa nusu kilo, tukaukausha kivulini na kuutia katika mfuko safi. Tukaandika jina la sehemu na tarehe. Mwandishi alikuwa mama mmoja aliyejifunza kuandika mwaka ule ule. Tulichukua pia mboji ya dampo.

Jambo moja ulikumbuke: Ukipeleka udongo maabara, sema wazi kwamba unataka kupimiwa risasi na kadimi. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi vitu hivyo. Watakupimia uchachu, naitrojeni na fosfeti, nawe utarudi nyumbani ukidhani udongo ni salama. Maabara za udongo zipo, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Mkemia Mkuu wa Serikali naye hupima. Gharama ipo. Kikundi kilitoa katika mfuko wake, nami nikatoa changu, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Majibu yalichukua wiki saba. Sehemu ya juu ilikuwa salama. Sehemu ya chini ya mfereji ilikuwa na risasi nyingi, na mboji ya dampo ilikuwa nayo pia.

Nilisoma karatasi ile mbele ya darasa. Mama mmoja mzee, ambaye mimi humwita bibi, aliniambia, "Mwanangu, ulituambia ni ya bure." Sikuwa na la kusema.

Sehemu ya chini iliachwa, ikapandwa miti ya mbao. Hatukupanda majani ya ng'ombe, maana ng'ombe angeyala na sisi tungekunywa maziwa. Nusu ya mapato ilipotea mwaka ule. Wawili waliacha kikundi, na siwalaumu.

Sehemu ya juu tuliilima kwa utaratibu mpya. Mboji tulitengeneza wenyewe kwa majani, maganda na samadi ya ng'ombe wa jirani. Maji yalitoka kisimani. Upande wa barabara tulipanda ua mnene wa kuzuia vumbi. Kando ya ua huo tulipanda nyanya na maharage, na mboga za majani tukazisogeza ndani. Tuliweka matandazo ya nyasi ili tope lisirukie majani. Udongo ulikuwa na uchachu, kwa hiyo tulitia majivu kidogo. Majivu na chokaa hupunguza uchachu, na uchachu ukipungua risasi na kadimi hushikwa zaidi udongoni. Lakini majivu yawe ya kuni safi. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi, au ya jalala lililochomwa, ni kurudisha sumu kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani, osha mboga kwa maji mengi safi, mara mbili au tatu, jani moja moja. Ondoa majani ya chini yaliyogusa udongo. Menya karoti na viazi. Hii huondoa vumbi na risasi yake. Kadimi iliyo ndani ya jani haitatoka, ndiyo maana kuchagua udongo ni bora kuliko kuosha. Tena tazama na sufuria. Baadhi ya sufuria zinazofuliwa kwa vyuma chakavu zina risasi inayotoka wakati wa kupika, hasa ukipika vitu vichachu kama nyanya na ndimu. Nimeona mtu akiosha mchicha kwa bidii, halafu akaupika katika sufuria ya namna hiyo.

Watoto wanawe mikono kabla ya kula, maana mtoto hula udongo mwingi zaidi kwa vidole kuliko kwa mchicha. Wapewe maharage, dagaa, maziwa. Mtoto mwenye chuma na chokaa ya kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu. Na mboga msiwanyime. Mtoto asiyekula mboga kabisa anapata madhara mengine.

Fundi wa betri tulimwendea na mwenyekiti wa mtaa. Hatukwenda kumfukuza. Mwanzoni alidhani tumetumwa na mtu. Bibi Shamba akamuuliza kuhusu watoto wake, wanasomaje. Alinyamaza kidogo. Mkubwa alikuwa amerudia darasa mara mbili. Alikubali watoto wapelekwe hospitali ya mkoa kuulizia kipimo cha damu. Sasa betri kuukuu anaziuza nzima kwa wanunuzi, hazifungui. Chubwi ameacha, na anasema kipato kimepungua.

Liko jambo moja ambalo hatukulimaliza. Siku ile ya majibu, mama aliyekuwa mweka hazina alifunga daftari lake akauliza, "Na hawa tuliokwisha kuwauzia, mwalimu? Wauguzi, walimu, wale wa stendi. Tuwaambie au tunyamaze?" Darasa liligawanyika. Wengine walisema tukisema, hakuna atakayenunua tena hata mboga za sehemu ya juu. Wengine walisema wana watoto pia. Mwishowe tulikwenda wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kwa wale tuliowajua. Wa stendi hatukuwapata wote.

Maswali na kazi

1. Kwa nini kupika hakuondoi risasi katika mboga?

2. Wakulima wa mto Jinzu waliugua kwa sababu gani? Je, ingekuwaje kama wangetumia samadi peke yake?

3. Tuseme maabara imekuta miligramu 1.2 za risasi katika kilo moja ya mchicha. Mpaka wa Codex ni miligramu 0.3. Hii ni mara ngapi ya mpaka? Mtoto akila gramu 100 za mchicha huo kila siku kwa siku 10, atakuwa amekula miligramu ngapi za risasi?

4. Tembeeni pamoja kuizunguka bustani ya kijiji chenu. Chora ramani. Onyesha barabara, gereji, jalala, mfereji, na mahali maji yanapotoka. Weka alama ya X mahali ambapo hamtapanda mboga za majani.

5. Ninyi mngefanya nini kuhusu watu waliokwisha kununua? Jadilini, kisha kila mmoja aandike mistari mitano ya maoni yake.